Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: Kipunji na ushoroba wa Bujingijila

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Rungwe, ambako mwezi wa Julai mtu hatoki alfajiri bila sweta.

Nakuandikia kwa ajili ya kipunji, kima wa misitu ya huku. Wazee wa Kinyakyusa walimtaja tangu zamani, lakini watafiti walimwona mwaka 2003 tu, na kufikia 2006 akapewa jenasi (kundi la kisayansi la spishi zenye undugu wa karibu) ya peke yake, Rungwecebus. Ni kima mwenye manyoya marefu ya kahawia yanayomfaa kwa baridi ya huku, kishungi kimemsimama utosini, na mlio wake ni kama honi iliyochanganyika na mbweko. Duniani kote yupo kwenye misitu ya Rungwe, Livingstone upande wa Kitulo, na Ndundulu kule Udzungwa. Basi.

Sensa iliyotangazwa 2008 ilihesabu 1,117. Hesabu ya karibuni imekaribia 2,000, na hapo walinzi wa misitu wanastahili pongezi. Ila ongezeko hilo lisitulevye: wote kwa pamoja hawajazi Uwanja wa Sokoine pale Mbeya.

Kinachonikosesha raha ni Bujingijila, ushoroba mwembamba unaounganisha msitu wa Rungwe na wa Livingstone. Kipunji huishi juu ya miti. Matawi yakikatika kwa mkaa na mbao, ama anarudi alikotoka, ama anashuka chini na kukutana na mbwa wa wawindaji. Wakitengana hivyo, kila kundi litabaki kuzaana lenyewe kwa lenyewe.

Tunaomba fungu la kudumu la kuurudishia ushoroba ule miti ya asili. Ya asili, Mheshimiwa, si misindano. Misindano tunaijua faida yake, lakini kipunji hali mbao.

Halafu kuna mahindi. Kipunji anayaiba, tusifiche, na mkulima aliyepoteza mistari mitatu siku chache kabla ya mavuno hutega. Mtego haujui kima wa kawaida wala kipunji. Kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyamapori, tunachokisikia ni cha tembo na kiboko. Kwa nini wanavijiji wanaopakana na msitu wasilipwe ujira wa kulinda mashamba msimu wa mahindi? Vijana wapo, na wengi wao ndio hao hao wanaochoma mkaa kwa kukosa kingine.

Tutasikiliza hotuba yako ya bajeti ijayo, tukisubiri kulisikia jina la Bujingijila.

Wako,
Mkazi wa Tukuyu