"Jina tunalihifadhi" haitoshi

Ndugu Mhariri,

Magazeti yetu, yakiripoti kesi za watoto waliofanyiwa makosa ya kujamiiana, yanaandika "jina tunalihifadhi" na kudhani kazi imekwisha. Sentensi inayofuata inasema mtoto ana miaka 9, yuko darasa la tatu, anakaa Ujiji kwa bibi yake na mama anauza dagaa Kibirizi. Kigoma hii, nani hatamjua?

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi wa kesi za makosa ya kujamiiana usikilizwe faragha, na inakataza vyombo vya habari kuchapisha ushahidi huo na mashahidi wake. Haikutaja jina peke yake. Sasa anayenukuu maneno ya mtoto kizimbani, aliyapata wapi?

Panapoharibika zaidi ni kesi ya baba anayeshtakiwa kwa kosa hilo dhidi ya mwanawe. Gazeti moja linamtaja mshtakiwa kwa jina na kuacha undugu. Jingine linaficha jina lakini linaandika "baba mzazi". Kila moja limejitahidi, ila msomaji akiyaweka mezani pamoja, mtoto yuko wazi. Dawa ni wahariri kukubaliana njia moja kabla ya kuchapa. Mimi ningeacha jina la baba na undugu vyote viwili, nibaki na kosa, wilaya na hatua ya kesi. Habari itapungua utamu, basi ipungue.

Picha nazo ziangaliwe. Kufunika macho kwa ukungu huku sare ya shule na mlango wa nyumba vinaonekana ni kujidanganya. Na picha ya mtuhumiwa ikitoka kabla ya gwaride la utambulisho, yaani shahidi kumtambua mtuhumiwa kati ya watu waliopangwa mstari, wakili wa utetezi atamuuliza shahidi swali moja tu: ulimtambua kwa tukio au kwa gazeti? Hapo upelelezi wa miezi unaweza kuyeyuka, na aliyedhulumiwa ndiye anayepoteza.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeziweka taarifa za watoto na za makosa ya jinai katika kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo aliye polisi au hospitali akivujisha jalada kwa mwandishi, naye anaguswa.

Mwisho, Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hajathibitika. "Mbakaji anaswa" si kichwa cha habari cha mtu aliyekamatwa jana. Na akiachiwa huru, habari hiyo itoke ukurasa uleule, kwa herufi zilezile.

Wakili wa kujitegemea,
Kigoma