Shukrani za Familia kwa Msiba wa Baba Yetu, Wakili wa Ngamiani

Assalaam alaykum ndugu, jamaa, majirani na marafiki.

Mama yetu, sisi watoto na wajukuu tunawashukuru nyote mliokuwa nasi tangu baba alipolazwa Hospitali ya Bombo hadi tulipomsitiri. Madaktari na wauguzi mlimuuguza kwa subira. Vijana wa mtaani mlichimba kaburi usiku wa manane, na mama zetu wa Ngamiani hamkutoka jikoni siku zote tatu za matanga. Kumtaja kila mmoja hatuwezi. Allah awalipe kheri.

Mawakili wenzake na watumishi wa mahakama hapa Tanga, ahsanteni sana. Ila waliotuliza zaidi ni wageni tusiowajua, kutoka Muheza, Pangani na Korogwe. Mzee mmoja, mkata mkonge wa zamani, alikuja na hukumu ya kesi yake ya mafao, imekunjwa hadi imechanika. Alitueleza kwamba baba alimsomea yote kwa Kiswahili pale barazani, akairudia mara tatu. Enzi hizo hukumu za kuanzia mahakama ya wilaya kwenda juu ziliandikwa kwa Kiingereza, na baba aliona ni dhuluma mtu kushinda kesi asijue ameshinda nini. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, yeye alikwisha kustaafu. Alitupigia simu wanawe wote siku hiyo, mmoja mmoja.

Viongozi wa vyama vyote mlifika, mkakaa jamvi moja. Tunalitaja hili kwa sababu ndivyo alivyoishi. Mwaka 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi, aligombea udiwani akashindwa. Kulipokucha alikwenda kumpa mkono aliyemshinda, nasi watoto tukanuna, tukaona anajidhalilisha. Juzi mzee huyo, na magoti yake mabovu, ndiye aliyetangulia kuweka bega chini ya jeneza. Baba, hatuna cha kukulipa.

Mwenye nyaraka zilizobaki kwa marehemu, iwe hati ya kiwanja, mkataba au faili la kesi, afike nyumbani na kitambulisho chake. Tumezipanga zote, hakuna iliyopotea. Anayemdai baba naye asione haya, aje tulipe, maana deni la maiti ni zito.

Na ninyi mliokuwa mkidaiwa ada, tumelifungua daftari lake. Majina mengi aliyapiga mstari mwenyewe, na pembeni ameandika "nimesamehe". Yaliyosalia tumekaa na mama, nasi tumesamehe. Msipite njia nyingine kwa kutuonea aibu.

Hitima ya arubaini itasomwa nyumbani Ngamiani, inshaallah. Siku itatangazwa msikitini.