Muuguzi mwenye masta aachwe wodini

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji wenu mmoja aliandika kwamba kumsomesha muuguzi hadi masta ni kupoteza fedha, kwa sababu akirudi hashiki tena bomba la sindano, anatafuta ofisi yenye kiyoyozi. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 31, mingi yake hapa Dar es Salaam, na sitamwita mwongo. Wanaondoka kweli. Alipokosea ni kudhani kwamba wanakimbia. Wengi wanaondolewa.

Nianze na mimi mwenyewe, ambaye masta sina. Niliupata uinchaji, yaani ukuu wa wauguzi wa wodi, kama wengi wetu tunavyoupata. Aliyekuwepo alistaafu, Jumatatu asubuhi matroni akaniita, akanikabidhi funguo, pamoja na ule wa kabati la dawa za kulevya, na daftari la vifaa. "Wewe ndiye mkongwe hapa, mdogo wangu, utaweza." Basi, mafunzo yameisha. Kuanzia siku ile nilitakiwa kupanga rosta ya watu 14 ambao kila mmoja ana mtoto, msiba au semina, kuagiza dawa, kuhangaika na fomu za bima zilizorudishwa, kusuluhisha intani na muuguzi waliogombana usiku, na kueleza kwa nini wagonjwa wawili wamepata vidonda vya kulalia ndani ya wiki moja. Hilo la mwisho lilinishinda. Hakuna aliyewahi kunifundisha swali kama lile linaanziwa wapi. Nilichofanya ni kufoka.

Miaka michache kabla sijastaafu, akaletwa kwetu muuguzi aliyetoka kumaliza masta ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na majeruhi. Siku hizi masomo hayo yako hapa hapa mjini, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili wanayafundisha, pamoja na masta za ukunga na za afya ya akili. Enzi zetu tulisikia tu fulani kaenda kusoma ng'ambo. Nakiri nilimpokea kwa kununa. Wiki ya kwanza alishinda na chati za wagonjwa kama mwalimu anayesahihisha mitihani. Kisha akanivuta pembeni, kwa adabu: "Mama, hebu tazama safu ya pumzi." Nikatazama. 20, 20, 20, 20. Kitanda cha kwanza 20, kitanda cha 19 ni 20, na yule baba aliyefariki juzi alfajiri naye alikuwa 20 hadi saa kumi usiku.

Muuguzi yeyote anayesoma barua hii ameshacheka, au ameinamisha kichwa. Presha ina mashine, joto lina kipimajoto, mapigo unayaona kwenye kile kidude cha kubana kidoleni. Pumzi lazima usimame dakika nzima ukitazama kifua cha mtu kikipanda na kushuka, na mkiwa wawili kwa wagonjwa 40 dakika hiyo hamna. Unaandika 20. Na mara nyingi pumzi ndiyo hutangulia kubadilika mgonjwa anapoanza kuzidiwa, kabla presha haijashuka.

Mwenzetu yule hakumwandikia mtu barua ya onyo. Alinunua saa ya ukutani Kariakoo, yenye mshale wa sekunde, akaitundika pale inapoonekana kutoka vitanda vingi. Vipimo vya asubuhi tulikuwa tunavichukua karibu na saa moja, wakati wa kukabidhiana zamu, kila mtu akili yake iko kwenye foleni ya mwendokasi. Akavirudisha nyuma hadi saa kumi na moja alfajiri. Akasema hatuwezi kuwahesabu 40, basi kila zamu ichague sita walio hatarini zaidi, hao wahesabiwe kwelikweli. Akakaa na madaktari wakakubaliana pumzi zikifika ngapi daktari anaitwa bila mjadala. Ndani ya miezi miwili safu ile ikaanza kuonyesha 18, 26, 31. Tukawa tunamwita daktari saa nane usiku, si alfajiri mgonjwa akishakata kauli, na madaktari nao wakaacha kutuuliza tumewaamshia nini.

Yote hayo aliyafanya bila cheo. Ngazi pekee iliyokuwa juu yake pale wodini ilikuwa ya inchaji, na nilikuwa nimeikalia mimi. Mwaka wa pili akapewa uhamisho kwenda ofisi ya takwimu, ghorofa ya tatu, kwa kuwa "anajua kompyuta". Nisijitoe: niliulizwa kama wodi inaweza kumwachia, nikasema inaweza. Ramadhani haijafika, chati zikawa zimerudi kwenye 20.

Kwa msomaji wenu anayetaka ushahidi, upo. Mwaka 2014 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Linda Aiken na wenzake katika hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya, kwa wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 420,000. Kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye digrii liliendana na upungufu wa asilimia 7 katika uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 tangu alazwe. Na kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano huo ulipanda kwa asilimia 7 ile ile. Digrii ya kwanza si masta, na Ulaya si Temeke, najua. Lakini wanaosema "tuajiri kwanza, kusoma baadaye" wazisome namba hizo mbili kwa pamoja.

Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vyuo vya uuguzi vilibuni nafasi ya muuguzi mwenye masta ambaye habanduki wodini. Rosta si yake, bajeti si yake. Kazi yake ni kufuatilia huduma wanayoipata wagonjwa wa pale na kurekebisha inapopwaya. Naomba wizara na wanaoandika muundo wa utumishi wa kada yetu watutengenezee nafasi ya namna hiyo. Inchaji abaki na funguo na fomu za bima. Pembeni yake awepo mtu wa masta ambaye cheo chake kimeandikwa wodini, na akipanda daraja alipandie hapo hapo.

Vyuo navyo vitusaidie. Wenzangu wengi wamesoma masta za utawala, na wala si kwa mapenzi ya utawala. Ndizo za jioni, unatoka zamu, unapanda gari, unawahi darasa. Masta ya uuguzi inadai mafunzo kwa vitendo, sawa, lakini kwa nini muuguzi aache kazi akajifunze kwa vitendo wodi ya wengine, wakati ya kwake ina matatizo tele? Mkufunzi amfuate huko. Utafiti wake nao uhusu pumzi 20 za wodi yake, tupumzike kidogo na zile tafiti za "ujuzi, mtazamo na utendaji wa wauguzi kuhusu" hiki na kile, ambazo zikishajaladiwa hakuna anayezifungua tena. Ada sitaizungumzia, kila mtu anaijua.

Binti mmoja niliyemlea kazini amepata nafasi ya kusoma mwaka huu. Juzi alinipigia kuniuliza, akimaliza, aombe kurudi wodini au aanze mapema kutafuta kazi ya kufundisha chuo. Nilimwambia nitampigia. Ni siku ya tisa leo.

Muuguzi mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam