Waje na kisimani, si hotelini tu

Mhariri,

Wiki jana shemeji yangu, mwanachama wa klabu moja ya Rotari (mtandao wa dunia wa klabu za hisani) huko Kampala, alinialika kwenye mkutano wao wa kila wiki hotelini. Nilidhani ni watu wa kula na kupeana mikono tu. Nilikosea, ingawa si kwa kila kitu. Kengele ilipigwa saa ileile iliyopangwa (jambo la nadra kwetu!), na waliochelewa wakatozwa faini papo hapo huku watu wakicheka. Fedha hizo huenda kwenye misaada.

Walizungumzia chanjo ya polio na mbio za Rotari za kuchangia matibabu ya saratani, zilizoanza 2012. Pia walimkumbuka marehemu Sam Owori, Mganda mwenzetu aliyeteuliwa kuiongoza Rotari ya dunia nzima, akafariki 2017 kabla ya kushika kiti. Heshima yao.

Lakini mtaani kwetu kuna kisima cha pampu tulichochimbiwa na klabu moja ya hisani. Kilizinduliwa kwa maturubai, keki na picha. Mwaka haujaisha, kipira cha ndani kikachakaa, na hakuna aliyeachiwa spana wala namba ya fundi. Akina mama wamerudi kununua maji kwa jerikeni.

Naomba klabu hizi, japo mara moja kwa mwezi, zifanyie mkutano penye kazi zao za zamani. Mabenchi tutaleta sisi, na chai pia. Atakayechelewa atalipa faini.

Msomaji wenu,
Bombo