Mheshimiwa Mkurugenzi, tufungieni kinga radi shuleni kabla hatujazika mtoto

Mheshimiwa Mkurugenzi, kwa heshima zote nakuandikia hapa hadharani maana barua 3 nilizoleta ofisini kwako hakuna hata moja iliyojibiwa. Mwaka jana ulisimama mbele yetu wazazi ukasema kinga radi itafungwa kwenye paa la shule kabla ya mvua zijazo, tukapiga makofi, na mimi nilipiga. Mvua hizo zikaja zikaisha, zikaja zingine, na wiki iliyopita radi imepiga ule mti wa pembeni ya uwanja watoto wakiwa wamejibanza chini yake.

Mmoja wao ni binti yangu. Anasema nywele zilimsimama, akaona weupe mtupu, halafu hakusikia tena kitu. Nilipofika nilikuta gome la mti limebanduka kuanzia juu mpaka kwenye mizizi, vipande vimeruka hadi katikati ya uwanja, yaani maji ya ndani ya mti yalichemka ghafla yakawa mvuke yakaupasua. Hewa inapopita radi inafika kama nyuzi 30,000 za Selsiasi, joto la uso wa jua mara 5. Hilo limepita hatua chache tu kutoka kwa mtoto wa miaka 9! Sasa wingu likitanda anajificha chini ya kitanda, usiku hatulali, na mimi kazini nimeshaomba ruhusa mpaka naona aibu.

Kuna mvulana alianguka pale, na watu wazima walisimama mbali wakiogopa kumgusa eti bado ana umeme mwilini. Hana jamani. Aliyepigwa na radi habaki na umeme, unamshika bila shida yoyote, na kama moyo umesimama, kumkandamiza kifua zile dakika za mwanzo ndiko kunakomrudisha. Dakika hizo zilipotea mpaka alipotokea mama mmoja muuguzi anakimbia na mvua. Mtoto yuko hai, namshukuru Mungu na yule mama.

Halafu tunaambiwa na watu wa ofisi yako kwamba simu ya mwalimu ndiyo iliyovuta radi. Mheshimiwa, simu haivuti radi. Radi hupenda kitu kirefu kilichosimama peke yake, na ikishapiga umeme unasambaa ardhini kwa wote waliopo karibu, ndio maana mwaka 2016 kule Norway wanyama 323 wa jamii ya kulungu walikutwa wamekufa pamoja kwenye uwanda wa Hardangervidda. Na msituambie kwamba ikishapiga hapo hairudi, maana jengo la Empire State pale New York linapigwa kila mwaka tena mara nyingi.

Mimi nahisi hela ilihamishiwa kwenye kitu kingine kinachoonekana, maana kinga radi haina uzinduzi wala kukata utepe. Lakini si kitu kigeni, Benjamin Franklin aliifikiria tangu miaka ya 1700, ni chuma juu ya paa na waya mnene unaoshuka mpaka ardhini ili umeme upite huko usipite kwenye kuta na watoto. Najua haimsaidii aliyeko uwanjani, kwa hiyo walimu nao waagizwe, ngurumo ya kwanza tu kengele ipigwe, watoto wote waingie ndani, wasitoke mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo nyingine. Wasisubiri mvua ianze, radi inaweza kupiga hata kilomita 15 kutoka mvua inakonyesha. Hii kengele haihitaji bajeti Mheshimiwa, inahitaji waraka wako wa ukurasa mmoja.

Ila kinga radi ndiyo uliyotuahidi na ndiyo ninayoidai. Sitaki kikao kingine wala kamati, nataka kumwona fundi juu ya paa. Leo tangu mchana kumetanda tena, na binti yangu ameniuliza kama kesho ni lazima aende.