Barua ya wazi kwa Waziri wa Ajira wa Australia: mkandarasi naye aandikiwe makosa

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kuhusu kampuni na mashirika binafsi yanayolipwa na Idara yako kuwasaidia watu kupata kazi chini ya Workforce Australia, mpango wa serikali wa huduma za ajira. Hao ndio tunaowaita wakandarasi. Sisi ni wakalimani na wasaidizi wa jamii ya wazungumzaji wa Kiswahili. Tumeandika kwa lugha hii makusudi, ili wanaoguswa na jambo hili walisome bila kumsubiri mtu wa kuwatafsiria.

Kosa la mtafuta kazi huandikwa siku ileile. Akikosa miadi, au mwezi ukiisha hajafikisha pointi alizopangiwa (kwa kawaida 100, na ombi moja la kazi huhesabiwa pointi 5), malipo yake ya kujikimu kutoka serikalini huweza kushikiliwa mpaka awasiliane na mkandarasi, na asipokuwa na sababu inayokubalika hupewa alama ya kosa. Alama tatu ndani ya miezi sita, anaitwa kwenye mahojiano ya kupima kama mpango wake wa kazi (orodha ya mambo anayotakiwa kufanya ili aendelee kulipwa) unamfaa. Alama tano, Services Australia, ofisi ya serikali inayotoa malipo hayo, hufanya tathmini yake. Ikionekana mpango unamfaa na anaweza kuutimiza, anaingia ukanda wa adhabu, ambako kanuni inasema: kosa linalofuata humkosesha wiki moja ya malipo, la pili wiki mbili, la tatu malipo hufutwa kwa wiki nne. Mfumo huu ulianza 1 Julai 2018.

Mheshimiwa, angalia nani anaendesha yale mahojiano ya alama ya tatu. Ni mkandarasi yuleyule ambaye taarifa zake ndizo zilizozaa alama hizo, na ndiye anayeulizwa kama aliandika mpango mbovu. Ni kesi ya nyani kuamuliwa na ngedere. Hiyo hatua ihamishiwe kwa mtumishi wa serikali, kama ilivyo hatua ya alama tano.

Upande wa pili wa meza hakuna hesabu ya namna hiyo. Mshauri, yaani mfanyakazi wa mkandarasi, akiahirisha miadi saa moja kabla, wakati mtu ameshapanda treni, hakuna alama inayokwenda kwa mwajiri wake. Simu ikipigwa mara nne bila kupokelewa, kinachobaki kwenye rekodi ni kwamba mtafuta kazi hakuwasiliana. Washauri hubadilika mara kwa mara, na kila mpya huanza upya: cheti kilekile kinaombwa tena, mpango unaandikwa upya, na maelezo ya daktari yaliyokubaliwa na aliyemtangulia hayaonekani. Tunaomba miadi iliyoahirishwa na mkandarasi, simu zisizopokelewa na mabadiliko ya mshauri viandikwe kwenye mfumo uleule, kwa kila ofisi na si kwa kampuni nzima, kisha vitangazwe kila robo mwaka. Kampuni yenye ofisi nyingi huweza kuficha tawi bovu ndani ya wastani mzuri.

Kuhusu mpango wa kazi, tutakaa kidogo hapa, kwa sababu ndipo alama nyingi zinapozaliwa. Mpango huo unatakiwa uwe wa makubaliano. Tunachokutana nacho ni skrini inayogeuzwa kumwelekea mtu, kidole kinaelekezwa mahali pa kubonyeza, na kazi imekwisha. Mkalimani wa simu wa TIS National, huduma ya ukalimani ya serikali, yupo, na mkandarasi anaruhusiwa kumlipia kwa Mfuko wa Ajira, fungu la serikali tunalolieleza hapo chini. Lakini mkalimani huombwa kwa nusu saa, mshauri anachelewa, muda unaobaki unaishia kwenye anwani na namba ya simu, na mpango unasainiwa mkalimani akiwa ameshakata simu. Au lugha imeandikwa vibaya tangu mwanzo: mtu wa Bujumbura anayefikiri kwa Kirundi ameandikiwa Kiswahili, au mtu wa Bukavu anapewa mkalimani asiyeelewa Kiswahili cha Kivu, na wote wawili wanasema "ndiyo" kwa heshima. Wakati mwingine anayetafsiri ni mtoto wa shule. Kanuni iwe hivi: mpango wa mtu aliyeandikwa kuwa anahitaji mkalimani usifanye kazi mpaka uwe na namba ya kumbukumbu ya mkalimani, na alama yoyote iliyotokana na mpango usio na namba hiyo ifutwe.

Sasa fedha. Mkandarasi hulipwa mtu anapodumu kazini wiki 4, wiki 12 na wiki 26. Malipo hayo hayategemei nani aliyeitafuta kazi. Mtu akipata kazi ya ghala kupitia binamu yake, mkandarasi bado anaweza kudai, mradi apate ushahidi. Ndiyo maana ofisi ambayo haikupiga simu hata mara moja wakati mtu hana kazi, humtafuta kila siku akishaipata, ikitaka hati za mshahara. Wengine hudhani wasipozitoa malipo yao yatakatwa, na hakuna anayewasahihisha. Waajiri huripoti mishahara kwa ofisi ya kodi kila wanapolipa, na Services Australia tayari inazitumia taarifa hizo. Idara itumie njia hiyo kuthibitisha madai, na mtafuta kazi aambiwe kwa maandishi kwamba kutoa hati kwa mkandarasi ni hiari. Kisha kiwango cha malipo kitofautiane: kamili pale mkandarasi anapoonyesha alichofanya, pungufu pale mtu alipojitafutia mwenyewe.

Mfuko wa Ajira nao haueleweki hata kwa baadhi ya washauri. Mtu anapoanza huduma, dola 1,600 huandikwa upande wa mkandarasi. Si pesa za mtafuta kazi, na si fedha taslimu: ni kiasi ambacho mkandarasi anaweza kurudishiwa baada ya kununua kwanza na kuwasilisha risiti, na anaweza kutumia zaidi kwa mmoja na kidogo kwa mwingine. Buti za usalama, White Card (kadi ya mafunzo ya usalama wa ujenzi), leseni ya forklift, ukaguzi wa polisi: yote yanaweza kulipwa hapo. Tatizo ni kwamba kukataa hakumgharimu mshauri chochote, ila kukubali kunamletea makaratasi. Jibu huwa "tutaona", na kazi ya forklift huchukuliwa na mwingine. Ombi lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku tano za kazi, na kukataa kuwe na sababu inayoweza kukatiwa rufaa. Mafunzo nayo yasinunuliwe kutoka kampuni dada ya mkandarasi mwenyewe. Kozi ileile ya kuandika wasifu haimsaidii mtu aliyeendesha lori miaka kumi.

Malalamiko yana ngazi tatu: kwanza mkandarasi mwenyewe, kisha laini ya wateja ya Idara, kisha Ombudsmani wa serikali kuu, anayechunguza malalamiko dhidi ya idara za serikali. Kwenye karatasi inapendeza. Kwa vitendo, anayelalamika wiki ijayo anarudi kukaa mbele ya mshauri aliyemlalamikia, ambaye bado ana uwezo wa kuanzisha ushikiliaji wa malipo yake. Wengi huishia ngazi ya kwanza. Malalamiko yakipokelewa, uwezo huo usitishwe kwa mtu huyo mpaka yaamuliwe, na akiomba kuhamia kwa mkandarasi mwingine ahamishwe bila kumwomba ruhusa anayelalamikiwa.

Hatusemi mapya sana. Novemba 2023 kamati teule ya Baraza la Wawakilishi, chini ya uenyekiti wa Julian Hill, iliona kwamba ubinafsishaji kamili wa huduma hizi umeshindwa. Agosti 2025 Ombudsmani alitoa ripoti kuhusu watu 964 waliofutiwa malipo kinyume cha sheria kati ya Aprili 2022 na Julai 2024. Lile la pili lilikuwa kosa la serikali yenyewe, si la wakandarasi, nasi tunalitaja kwa sababu hata adhabu za kukata na kufuta ziliposimamishwa, ushikiliaji wa malipo uliendelea. Na kwa mwenye kodi ya nyumba kesho, malipo yaliyoshikiliwa na yaliyokatwa hayana tofauti.

Mengi tunayoomba yanaweza kuingia kwenye vifungu vya leseni za wakandarasi na miongozo ya Idara. Tungependa jibu la maandishi kwanza kuhusu mawili: mahojiano ya alama ya tatu kuondolewa kwa mkandarasi, na namba ya mkalimani kwenye kila mpango. Tutalitafsiri na kulisambaza kama lilivyo.

Wako,
Wakalimani na wasaidizi wa jamii ya wazungumzaji wa Kiswahili, Australia