Shoga, nimefika Green Park

Shoga yangu, habari za Dar, mama anaendeleaje na mguu? Mie mzima ila baridi la huku London linanitoa roho.

Jumapili nilipita Green Park kwenye ule mnara wa kumbukumbu wa vijana wa ndege za mabomu za Uingereza, wale wa Vita vya Pili, na tangu hapo sijatulia. Kuna sanamu saba za shaba, warefu kuliko mtu, maana ndege moja kubwa ilibeba watu saba, wamevaa yale mabuti yao mazito ndo kwanza wametua, hakuna anayeongea na mwenzake, wengine wanaangalia juu kama wanasubiri ambao hawajarudi. Walikufa 55,573 shoga! Kati ya kama 125,000 waliorushwa, na wengi vijana wadogo kabisa wa miaka ishirini na kitu. Dari la pale lina aluminiamu ya ndege ya mabomu aina ya Halifax iliyodunguliwa Ubelgiji Mei 1944 ikadidimia kwenye matope, wamekuja kuifukua 1997 wakawakuta watatu bado wamo ndani, yani miaka 53 mama zao hawana hata kaburi la kwenda kulia.

Malkia aliuzindua 2012 tu, wamechelewa sana kwa sababu watu walibishana mno kuhusu raia waliokufa chini ya hayo mabomu, mji wa Dresden kule Ujerumani peke yake kama 25,000. Lakini kuna maandishi pale yanawakumbuka na hao, wa mataifa yote, na mie nasema ndo ilivyotakiwa, mtoto aliyeungua Hamburg hakumtuma Hitler.

Sasa kilichonifanya nikuandikie wewe mwanasheria: unamjua Jaji Ulric Cross? Mtrinidad, mweusi mwenzetu, alikuwa navigeta, yani muonesha njia ndani ya ndege, wa kikosi cha 139 kwenye ndege za Mosquito, karuka mara 80 kwenda kupiga Ulaya wakati zamu ya kawaida ilikuwa 30, akapewa nishani mbili kubwa, alafu baada ya uhuru akaja kwetu akawa jaji Mahakama Kuu ya Tanzania kuanzia 1967 na akafundisha sheria pale Mlimani. Kafariki 2013 ana miaka 96. Mbona shuleni hatukuambiwa?? Tumesoma majina ya majenerali wa Kizungu weee, huyu aliyekaa na sisi hapana.

Nakuomba ukipata nafasi pale mahakamani ulizia kwa wazee wa masijala kama kuna hukumu zake au hata picha, ukipata nitumie hata kwa Whatsapp. Msalimie mama.

Wako wa siku zote